Ng'ombe wa Nshoma Hawajuani

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wananchi wote wa Jamhuri, wanaojua kusoma na wanaosomewa, kwamba Pato la Taifa, lile linalosomwa bungeni kila Juni huku nusu ya waheshimiwa wakipiga makofi na nusu nyingine wakiuchapa usingizi, halikudondoka kutoka mbinguni. Lina chimbuko. Sehemu yake imechotwa kwenye vitabu vya viwanda, vile vya kuonyesha wageni, siyo vile vya kabatini. Sehemu imetoka forodhani. Sehemu imetoka kwa vyama vya ushirika, ambavyo huikumbuka vizuri sana kahawa ya mkulima isipokuwa siku ya kumlipa. Na sehemu iliyobaki, ambayo wataalamu wenyewe wakibanwa wanakiri kuwa si ndogo, imetoka kinywani mwa Nshoma wa Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, anatafuna muwa, na anadanganya.

Wananchi wote mnaombwa kusimama.

Nshoma hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa Msukuma mwenye ng'ombe, na hilo ni jambo tofauti kidogo. Alihama Shinyanga na mkewe Scola na kundi lake, akifuata nyasi, maana kwao nyasi zilikuwa zimebaki kwenye hadithi. Biharamulo alizikuta, tena ndefu za kumficha fahali. Ambalo hakuambiwa ni kwamba ndani ya nyasi zile wamo mbung'o, na mbung'o hawaulizi ng'ombe katoka mkoa gani. Ndorobo, ule ugonjwa wa mbung'o, ikaanza kumwangushia wanyama mmoja mmoja, na kila aliyeanguka Nshoma alimlilia kwa jina.

Hapo akaikumbuka busara ya baba yake: ng'ombe wa mtu mwenye akili hawajuani. Wachache weka kwako, wachache kwa mjomba, wachache kwa rafiki wa mbali. Ugonjwa ukija huku, kule wamo. Mwizi akienda kule, huku wamo. Na akija mtu wa kuuliza, awe mtoza kodi au shemeji mwenye njaa, unamwonyesha zizi la nyumbani, halafu unainamisha kichwa. Unayemwekea naye anaujua wajibu wake: atachunga, atakunywa maziwa, na atafunga mdomo. Kumtaja mwenye ng'ombe ni sawa na kumvua mtu nguo sokoni.

Rafiki wa mbali alimpata mnadani. Siku hiyo alitokea mtu mmoja kavaa koti lake la kanisani, anapita katikati ya makundi bila kutazama pembe, wala meno, wala kiwele. Anatazama chini.

"Wewe bwana," dalali akamuuliza, "umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Natafuta samadi."

Dalali akapanda juu ya jiwe. "Jamani eeh! Njooni mwone! Huyu amekuja mnadani kununua mavi!"

Mnada mzima ulicheka. Nshoma alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaona yule mtu bado anatazama chini, anachokoa na fimbo, hana habari na mtu. Akaona huyu si wa kawaida. Akamfuata, wakasalimiana.

Aliitwa Celestini, mkulima wa Bukiriro, upande wa Ngara. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda miaka ya sitini, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Nchi aliyoijua ilikuwa Bukiriro tu, ingawa ulimi wake ulikuwa umebakiza kalafudhi ka ng'ambo kasikotoka hata kwa sabuni ya magadi.

"Ardhi yangu imechoka," alimwambia Nshoma. "Migomba inakula kuliko watoto. Inataka ng'ombe, na mimi sina hata mkia."

"Mimi mikia ninayo, lakini mbung'o wananimalizia."

"Kwetu mbung'o hakuna. Kuna baridi."

Wakatazamana kama bwana harusi na bibi harusi.

Hapakuwa na karatasi. Nshoma aliwaswaga ng'ombe mpaka Bukiriro, na Dafroza, mke wa Celestini, akatoa kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija mmoja. Wale wawili wakanywa kwa zamu, mrija ukitoka mdomo huu unaingia mdomo ule, kama wanavyokunywa watu walioamua kuaminiana hadi mate. Maziwa na mavi yakawa ya Celestini, ndama wakawa wa Nshoma. Kila baada ya mavuno Nshoma alikwenda kuwatazama wanyama wake, na kila mara mwenzake alimpitisha kwanza shambani.

"Njoo uone mavi yako yamegeuka nini," Celestini alikuwa akisema, huku anaupigapiga mkungu mnene kama mtu anayempigapiga mwanawe begani. Na Nshoma, ambaye kwao mavi ni kitu cha kukanyaga tu, alijikuta anatembea katikati ya migomba ile amejaa fahari kama aliyeipanda yeye.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka wa tisini na nne, watu walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kama maji yaliyopasua tuta. Vilima vya Ngara vikavaa maturubai. Walikuja watu, wakaja mbuzi, wakaja ng'ombe, na nyuma yao magari meupe yenye bendera. Ikawa miaka ya kuhesabu. Turubai linahesabiwa, kopo la mafuta linahesabiwa, kichwa cha mtu kinahesabiwa asubuhi na kurudiwa jioni kisije kikawa kimeongezeka. Basi wenye kazi ya takwimu nao wakaona wasipitwe na sherehe, wakamtuma Paschal.

Paschal alikuwa kijana msomi, mwenye viatu vya ngozi na imani. Alifika Nyarubungo asubuhi ambayo Nshoma alikuwa na mgeni mzito: Bulugu, baba wa binti ambaye kijana wa Nshoma alitaka kumuoa. Bulugu alikuwa amekuja kujionea zizi kwa macho yake kabla ya kutaja mahari.

"Mkwe wangu," Nshoma alikuwa anasema kwa sauti ya msibani, "mbung'o wamenifilisi. Hawa unaowaona ndio mimi. Ukichukua wengi, kijana wangu atamlisha binti yako upepo."

"Watu wanasema unao wengine Ngara," Bulugu akasema.

"Ngara? Ngara kuna wakimbizi."

Hapo ndipo Paschal alipopiga hodi. "Shikamooni wazee."

"Marahaba," akajibu Nshoma. "Kama ni kodi, tumelipa. Kama ni mchango wa shule, tutalipa. Kama ni kura, tutapiga."

"Si kodi, mzee. Natafuta Pato la Taifa."

Nshoma akaangaza huku na huku, kama anayemsaidia mtu kutafuta mbuzi wake. "Huku halijapita."

Paschal hakucheka. Akakaa, akaeleza. Taifa linataka kujua limezalisha nini mwaka mzima. Viwanda vina vitabu vyao. Serikali inajua imelipa mishahara kiasi gani. Mizigo inaonekana bandarini na mipakani. Ngozi zinahesabika zikifika kwa wanunuzi. Lakini maziwa yanayonyweka nyumbani, nyama ya sherehe, ndama anayezaliwa porini, hayo hayana kitabu. "Hayo, mzee, tunayapata kwako. Wewe ndiye chanzo."

"Mimi?"

"Wewe. Hata samadi imo."

"Mavi?" Bulugu akadakia. "Mavi ya ng'ombe yamo kwenye pato la taifa?"

"Yamo. Yana thamani."

"Basi taifa lina shida," akasema Bulugu, na akatafuta mahali pazuri pa kuegemea ili asikilize.

Maswali yakaenda vizuri mpaka yakafika penyewe. "Mzee, mbali na hawa wa zizini, una ng'ombe wengine?"

Bulugu aliacha kutafuna muwa aliokaribishwa. Kama Paschal angekuja siku moja kabla, au kama Bulugu angekuwa na haja ya kwenda nyuma ya nyumba wakati ule, historia ya uchumi wa nchi hii ingeandikwa vingine. Lakini Bulugu alikuwa mtu mwenye kibofu imara.

"Sina," akasema Nshoma.

"Hata kwa rafiki? Tunajua wazee mna desturi ya kuwekeana."

"Sina huku, sina Ngara, sina mbinguni."

"Umesikia, kijana?" Bulugu akamwambia Paschal. "Andika. Mkwe wangu ni maskini wa kutambuliwa na serikali, na mimi ni shahidi."

Mahari ikashuka. Nshoma alijiona bingwa. Lakini wageni walipoondoka, Scola, aliyekuwa akipukuchua mahindi kimya muda wote ule, alifyonya.

"Umewakana ng'ombe wako mchana kweupe."

"Nimewakana kwa mdomo tu. Ng'ombe hawasikii Kiswahili."

Paschal naye aliendelea na safari mpaka Bukiriro. Mwenyekiti wa kijiji akamzungusha nyumba kwa nyumba, na kwa Celestini wakakuta zizi limejaa.

"Ng'ombe hawa ni wako?"

"Si wangu."

"Wa nani?"

"Wana mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ni yule mwenye ng'ombe," akasema Celestini kwa adabu, na hapo akafunga mdomo kama desturi inavyotaka. Paschal alimgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akainua mabega. Ng'ombe huandikwa kwa mwenye nao, na hawa hawakuwa na mtu. Ikabidi aandike ndizi peke yake, zile ndizi nene za ajabu, ambazo kwa mujibu wa taifa ziliota bila mbolea yoyote, kwa neema ya Mungu. Mmoja kasema sina, mwingine kasema si wangu, na kila mmoja alilala akijua amemlinda mwenzake.

Miezi ikapita. Ikatoka amri kwamba ng'ombe waliovuka na wakimbizi wanaleta magonjwa, wakusanywe wote wasio na mwenyewe. Waliotumwa kukusanya walikuwa watu wa bidii, hasa kwa ng'ombe wenye nyama. Walipofika Bukiriro waliuliza, na mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema tu alichosikia: "Huyu Celestini mwenyewe alituambia si wake. Mimi nilikuwepo."

"Wa nani basi?" wakamuuliza Celestini.

"Wana mwenyewe," akasema, na hakuongeza neno. Wakasikiliza vizuri namna anavyotamka Kiswahili chake, wakatazamana. Wakamweka ndani kwa kuficha mifugo ya ng'ambo. Alinyamaza huko pia. Ni Dafroza aliyekwenda kumlilia dirishani, akamwambia, baba, desturi haitalea watoto hawa. Ndipo Celestini akalitamka jina ambalo miaka yote hakulitamka mbele ya mtu: "Ni wa Nshoma wa Nyarubungo."

"Vizuri," wakasema. "Aje aseme hivyo mwenyewe. Tunamngoja mpaka Jumamosi."

Dafroza aliomba nafasi kwenye lori lililokuwa limeshusha mahindi ya kambini na linarudi tupu. Alishuka Nyarubungo mchana, kafunikwa na vumbi mpaka nyusi, akaufuata mji wa Nshoma kwa kuuliza. Aliukuta umejaa watu. Ilikuwa siku ya kutoa mahari. Bulugu na ndugu zake walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha nyumba, wanakagua ng'ombe wachache wa maskini wa serikali.

Nshoma alimwona akiwa bado mbali. Akaondoka haraka kwenda kumpokea kando, pembeni mwa zizi.

"Shemeji," Dafroza akasema, "wamemweka ndani. Wanasema ng'ombe hawana mwenyewe. Njoo kabla ya Jumamosi useme neno moja tu: wangu. Lipo lori jingine barabarani linalokwenda kambini, linajaza maji."

Nshoma alihisi neno lile limefika mpaka kwenye meno. Lilikuwa neno dogo, hata mtoto angelitema. Lakini nyuma yake sauti ikaita, nene, yenye udadisi: "Mkwe! Huyo mama ni nani?"

"Ni..." akasema Nshoma, na wala hakujua maneno yanatoka wapi. "Ni mkimbizi mmoja. Anaomba chumvi."

Dafroza hakumtazama usoni. Alitazama mikono ya Nshoma, kama anayejiuliza ilikaaje siku ile ilipokuwa inashika kibuyu. Scola alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia yote, na wageni wote wanamtazama yeye, mama mwenye nyumba. Akaingia ndani, akatoka na chumvi kwenye jani la mgomba, akampa.

Dafroza aliipokea kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo, akashukuru.

"Jumatatu," Nshoma akamnong'oneza. "Mwambie Jumatatu nakuja, haya mambo yakiisha."

Alikwenda Jumatatu, kweli. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya Bukiriro ilikuwa ndefu kupita siku zote, na njia nzima alitunga maneno, akayavunja, akatunga mengine. Alikuta zizi liko wazi. Kwato zilikuwa bado zimeandikika kwenye tope, zote zinaelekea nje. Ng'ombe walipelekwa wapi hakuna aliyesema, ingawa wiki ile baadhi ya wakusanyaji walionekana wakichokoa meno.

Celestini alikuwa nyumbani. Walimwachia Jumapili baada ya majirani kumdhamini, na pia kwa sababu hakuna kilichobaki cha kumshikia. Alimkaribisha mgeni wake vizuri. Akampa kiti. Akauliza habari za Scola, za watoto, za harusi. Dafroza akaleta pombe ya ndizi katika vikombe viwili vya bati, kimoja akamwekea Nshoma, kingine mumewe. Kibuyu kilikuwa pale pale kwenye msumari ukutani, na mrija wake ndani.

Nshoma alikitazama kikombe. Hakuna mtu angeweza kusema amenyimwa kitu.

"Nilisema nitakuja," akaanza.

"Na umekuja."

"Ng'ombe walikuwa wangu. Hasara ni yangu. Wewe hukupoteza."

"Kweli. Walikuwa si wangu. Hata yule kijana wa takwimu nilimwambia."

"Basi nilaumu, Celestini. Nitukane. Nipige na hiyo fimbo."

Celestini alikunywa kidogo, akafuta mdomo. "Sina cha kukulaumu. Kitu kimoja tu kinaniuma. Nilikutaja, Nshoma. Miaka yote hiyo sikukutaja, na siku nilipokutaja hukuwepo."

Dafroza akaleta ndizi za kuchemsha. Akaweka na kipande cha jani la mgomba kando ya sahani. "Chumvi hiyo hapo, shemeji," akasema. "Ni ile yako."

Nshoma alikula. Hakuna adhabu aliyowahi kupewa iliyokuwa na chumvi ya kutosha kama ile.

Baadaye alimtuma mtu na mtamba mzuri, mweusi mwenye paji jeupe, ampeleke Bukiriro awe wa Celestini kabisa, pamoja na maziwa, mavi na vizazi vyote. Mtamba alirudishwa na shukrani nyingi. Tena alirudi amenenepa kuliko alivyokwenda. Celestini mwenyewe hakuonekana tena mnadani, na madalali, ambao hawakosi la kusema, waliuliza mara moja mbili yule mnunuzi wa mavi yuko wapi, kisha wakapata mwingine wa kumcheka.

La kumalizia lilitoka kwa Bulugu. Siku moja, wajukuu wameshazaliwa, wamekaa wawili wanakunywa, Nshoma alishindwa kuvumilia, akamwambia yote. Bulugu alicheka mpaka akakohoa.

"Mkwe, ulidhani sikujua? Nani asiyeweka ng'ombe kwa rafiki? Wangu mimi wako Geita mpaka leo! Nilikushushia mahari kwa sababu kijana wako alikuwa mchapakazi. Ungesema tu."

Ungesema tu. Nshoma aliyachukua maneno hayo akaenda nayo nyuma ya zizi, akakaa huko mpaka Scola akaja kumwita kula, na hakula.

Tangu hapo alibadili mambo. Aliwakusanya ng'ombe wake wote, wa kwa mjomba na wa kwa marafiki wengine, akawaleta nyumbani. Wakajuana. Wengine mbung'o wakawala, akakubali. Alisema afadhali wafe wakiwa wanaonekana.

Miaka ikasogea, kambi zikafungwa, nyasi zikaota palipokuwa na maturubai. Siku moja gari likasimama nje ya mji wa Nshoma, akashuka Paschal, sasa ana kitambi na kijana wa kumbebea mkoba.

"Shikamoo mzee! Unanikumbuka? Nimerudi kwa ajili ya Pato la Taifa."

"Nakukumbuka," akasema Nshoma. "Kaa, ng'wanawane. Kaa, mwanangu."

Na kabla hajaulizwa, akaanza. Akawataja ng'ombe wote, kila mmoja kwa jina na rangi, na mama yake, na ugonjwa wake. Alipowamaliza walio hai akaanza kuwataja wa Bukiriro. Paschal alimzuia kwa upole, kwamba hao miaka imepita, hawaingii. Nshoma akasema anajua, akaendelea kuwataja mpaka akawamaliza.

Paschal alifurahi mno. Katika maisha yake ya kutafuta Pato la Taifa hakuwahi kulikuta limekaa wazi namna ile. Akazunguka nyuma ya zizi na kukuta kilima cha samadi, kirefu kuliko nyumba, cheusi, kilichoiva cha miaka, na hapo akashindwa kujizuia. Akatoa hotuba. Akasema hii, mzee, ni hazina ya nchi. Kwamba taifa lililolala lingeamka kwa kilima kama hiki. Kwamba kuna watu mahali fulani wanailia mbolea kama hii usiku na mchana. Akageuka, kalamu juu.

"Sasa niambie, mzee wangu. Unaiuza? Unaitia shambani? Au kuna mtu unampa?"

Nshoma alikitazama kile kilima muda mrefu, kisha akatazama barabara inayokwenda Ngara.

"Ni mavi, ng'wanawane," akasema. "Yamekaa tu."